Upepo Uliopangwa kwa Itifaki

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili, mwezi wa Agosti, mwaka wa kumi na tisa wa Utulivu wa Taifa, hapakuwa na upepo. Jambo hilo limeandikwa katika Jedwali Kuu la Wizara ya Hewa na kupigwa mhuri, na asiyeliamini anajitafutia makubwa. Kwa hiyo paa la bweni la Shule ya Wasichana ya Mvumoni, lililoondoka mahali pake alasiri ya siku hiyo na kukutwa bondeni ng'ambo ya mto, liliondoka lenyewe, kwa sababu zake lenyewe.

Ili msomaji asiilaumu bure nchi ile, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa wenyewe hawapendi, ni vyema kuanza pale mambo yalipoanza. Nayo yalianza kwa nia njema.

Mvumoni ni mgongo wa mlima. Bweni la wasichana lilijengwa juu kabisa ya mgongo huo, kwa sababu mgeni rasmi aliyeweka jiwe la msingi alitaka lionekane kutoka barabara kuu. Paa lake lilikuwa la mabati, na misumari yake ilikuwa haba, kwa kuwa mingine ilitumika kwenye jukwaa la kumpokea mgeni huyo. Mwalimu mkuu aliiandikia Wizara akiomba jambo moja tu: aambiwe upepo mkali huja mwezi gani, ili mwezi huo wasichana warudishwe makwao na paa lifungwe kwa waya. Wizara ilijibu kwamba swali ni zuri, lakini jambo la kisayansi haliwezi kuamuliwa na mtu aliyesimama nje akasikia baridi. Lilihitaji vipimo.

Vipimo vilikuwepo. Kwa miaka mingi kipimaupepo cha Mvumoni kilikuwa kikizungusha vikombe vyake, na mlinzi wake akiandika kila saa mstari mmoja: tarehe, saa, upande upepo unakotoka, na kasi yake. Magunia yalikuwa yamejaa hadi darini. Kilichokosekana ni watu wa kuipanga mistari hiyo katika safu zilizosimama, ili ichambuliwe. Wataalamu wa Wizara hawakuwepo, walikuwa kwenye semina kuhusu tatizo la wataalamu kutokuwepo ofisini. Ndipo likatoka tangazo kwamba wanatafutwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, wenye mwandiko safi na tabia njema.

Bi Mashavu alilisoma tangazo lile mwenyewe, akiwa amesimama, kidole chake kikitembea chini ya maneno.

Alikuwa mjane, msuka mikeka. Zamani, kabla hajajua herufi, alitia dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kuandikisha watoto chanjo, na kesho yake akakuta shamba la marehemu mumewe lina mwenyewe mwingine. Tangu siku hiyo aliapa kwamba dole lake halitaugusa wino tena. Akajiunga na kisomo, na jioni bintiye Siwema akawa mwalimu wake wa pili.

"Mama, hiyo herufi umeigeuza, inatupa kisogo," Siwema alikuwa akimwambia. "Na usinyanyue kidole kabla mstari haujaisha. Ukikinyanyua katikati utarukia mstari wa watu wengine, halafu useme kitabu kina wazimu."

Sasa Siwema alikuwa kidato cha pili katika shule ile ya Mvumoni, na kitanda chake kilikuwa cha juu, karibu na mabati. Kwa hiyo Bi Mashavu alipolimaliza tangazo alihisi moyo wake umepata kazi. "Upepo wa mwanangu," alijisemea, "nitaupanga mimi mwenyewe."

*

Wanawake wa kisomo walikusanywa katika ukumbi wa Wizara, wakapewa kila mmoja mkasi. Mkurugenzi wa Safu, Bwana Lugendo, alipanda jukwaani. Alikuwa mtu mwenye suti ya vipande vitatu na sauti ya kipande kimoja, isiyopanda wala kushuka.

"Akina mama," alisema, "upepo huu ulivyo katika magunia ni fujo tupu. Tazameni karatasi hii. Kasi ya kilomita mbili kwa saa iko juu, na kasi ya kilomita themanini na nane iko chini yake. Kadogo kamemkalia mkubwa! Na kwa nini? Eti kwa sababu kalitangulia kufika. Tangu lini, katika nchi hii, mtu akakaa mbele kwa sababu ametangulia kufika?"

Wanawake walitazama chini kwa haya, maana alisema kweli. Katika nchi ile kila jambo lilifuata itifaki. Bombani ndoo ya mke wa diwani ilijazwa kwanza, hata ikiletwa magharibi. Hospitalini wagonjwa walipangwa kwa vyeo vyao na si kwa maradhi yao. Na iliwahi kutokea msibani kwamba maiti aliyekwisha kuteremshwa kaburini alitolewa akaombwa avute subira, kwa kuwa alikuwa amewasili maiti wa ngazi ya mkoa.

"Basi," aliendelea Mkurugenzi, "kila mstari utakatwa vipande vinne. Tarehe zitakwenda chumba chao, saa chumba chao, pande chumba chao, na kasi chumba chao. Kwa sababu za usalama, chumba kimoja hakitaona kazi ya chumba kingine. Na kila chumba kitapanga vya kwake kwa heshima inayostahili."

Ikaamuliwa kwamba tarehe zianze na Januari, kwa kuwa ndiye mkubwa wa miezi. Pande zianze na Kaskazini, alikozaliwa Mtukufu Kiongozi, na zimalizike na Kusini, walikozaliwa wanaomsema. Saa zianze na ile anayoamka Mtukufu. Na kasi zianze na kubwa kuliko zote, zishuke ngazi kwa ngazi hadi zile sifuri, ambazo zitakaa chini kabisa pamoja na wananchi.

Bi Mashavu alipangiwa chumba cha kasi. Alifanya kazi ile kama mtu anayesali. Alikata kwa uangalifu, asijeruhi tarakimu yoyote, na akanakili kwa mwandiko ulionyooka hata wenzake wakaja kuutazama. Aliyekaa chumba cha tarehe alikuwa jirani yake, Bi Chausiku, mwanamke wa maneno mengi, na wawili hao walikutana mchana chini ya ngazi kula viazi.

"Haya shoga, leo umekula namba gani?" Bi Chausiku aliuliza.

"Nimepata tisini na moja. Hakuna iliyoizidi."

"Mimi nina Agosti chungu nzima, zimenijaa hadi kwenye kanga."

Bi Mashavu alitafuna kidogo, akasita. "Hivi, ile tisini na moja yangu, mwenziwe ni yupi katika hizo zako?"

"Nani ajuaye? Mkasi ndiye kadhi, mwanangu. Ameshawapa talaka tatu, na wenyewe sasa kila mtu yuko kwao." Bi Chausiku akacheka hadi kiazi kikampalia.

Lakini Bi Mashavu hakucheka. Alasiri alikwenda kwa Mkurugenzi, akapiga goti kidogo kama desturi ilivyotaka.

"Mkurugenzi, naomba kuuliza. Hizi kasi tukishazitenga na tarehe zake, tutajuaje zilivuma lini?"

Bwana Lugendo hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye subira kwa wanawake wa kisomo.

"Bi Mashavu, kasi zote zipo?"

"Zipo, Mkurugenzi."

"Hata moja imepotea?"

"Hakuna iliyopotea."

"Na tarehe, ziko pungufu?"

"Bi Chausiku anasema zimetimia."

"Pande zipo, saa zipo. Basi kilichopotea ni nini?"

Bi Mashavu alitafuta kilichopotea. Alikitafuta kwa moyo wake wote, akitazama sakafu, kisha dari, kisha mikono yake, na hakukiona mahali pa kukinyooshea kidole. Akashukuru, akarudi kukata.

*

Siku ya kuunganisha safu nne, zilibandikwa bega kwa bega kwenye ubao mkubwa, na pazia likafunuliwa na Mheshimiwa Waziri wa Hewa. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Haikuwahi kuonekana kazi nzuri namna ile. Juu kabisa ilikaa Januari, na mbele yake Kaskazini, na mbele yake kasi ya tisini na moja. Kisha upepo ulishuka taratibu, mwezi baada ya mwezi, bila kuruka wala kujikwaa, ukafika Agosti ukiwa kilomita tatu kwa saa, ukaingia Novemba ukiwa sifuri, na mwaka ukalala.

"Mnaona wenyewe!" alinguruma Waziri. "Maadui zetu wanasema nchi hii haina utaratibu, na kumbe hata upepo wake una nidhamu! Unaanza kazi Januari kwa nguvu zote, kisha unapunguza kwa kufuata ngazi, kama mtumishi anayekaribia kustaafu! Nani mwingine duniani ana upepo kama huu?"

Hakuna aliyemjua mwingine. Wakapiga makofi.

Uchambuzi ulichukua muda mfupi, maana hapakuwa na cha kuchambua. Upepo mkali huvuma wiki ya kwanza ya Januari. Shule ya Mvumoni iliagizwa ifungwe wiki hiyo, nayo kwa bahati njema hufungwa wiki hiyo kila mwaka kwa ajili ya likizo, hivyo agizo lilikuwa limetekelezwa kabla ya kutolewa. Waya wa kufunga paa haukuhitajika. Kila mwanamke wa kisomo alizawadiwa nakala ya Jedwali Kuu iliyofunikwa nailoni. Bi Mashavu aliitundika yake ukutani, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

*

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumamosi, Siwema alifika nyumbani kwa ruhusa ya shule. Alikuwa amefunga kichwa kwa mtandio mara mbili, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja kama unayekimbizwa?"

"Mama, naomba nisirudi mpaka mwezi huu uishe. Lile paa linapumua. Linanyanyuka na kukaa, linanyanyuka na kukaa, kama kifuniko cha sufuria ya uji. Tumelifunga kwa mikanda ya sare, mikanda imekatika."

Bi Mashavu alimtazama kwa huruma, kisha akatazama ukutani. Akasogea, akaweka kidole chini ya Agosti, akakitembeza kulia bila kukinyanyua, kama alivyofundishwa.

"Agosti. Kilomita tatu kwa saa." Aligeuka, uso wake umejaa faraja. "Siwema, upepo wa kilomita tatu hauzimi hata kibatari. Nimeuandika mimi, kwa mkono huu."

"Mama, hilo jedwali halijawahi kulala bwenini."

"Wewe usilidharau andiko! Mimi nilipokuwa sijui kusoma nilinyang'anywa shamba mchana kweupe. Leo najua, halafu nikimbilie tena maneno ya nimesikia, nimehisi?"

Nje, kanga mbili ziling'oka kwenye kamba zikaruka ua wa jirani. Siwema alizinyooshea mkono.

"Huo," alisema mama yake, "ni upepo wa uani. Hauhusiani na Wizara."

Jumapili asubuhi alimsindikiza hadi njia panda, akiwa amemfungia maandazi, akambusu utosini. Siwema alipanda mlima akiwa ameinama mbele, sketi yake imeshikwa kwa mikono miwili.

*

Paa liliondoka Jumanne, siku ya pili baada ya hapo. Wasichana waliokuwa nje walisema lilipiga kelele kama gari moshi. Bati moja halikwenda na mengine, lilibaki likamwangukia Siwema, aliyekuwa amerudi bwenini kuchukua daftari. Lilimkata paja hadi mfupani.

Hospitali ya wilaya ilikuwa na nakala yake ya Jedwali, imetundikwa juu ya meza ya mapokezi. Karani wa zamu alichovya kalamu.

"Chanzo cha jeraha?"

"Upepo," alisema Bi Mashavu. Nguo yake ilikuwa imelowa damu ya bintiye.

"Mama, hii ni Agosti."

"Upepo umeezua paa, bwana. Mwanangu anatoka damu."

Karani alitazama ukutani kwa heshima. "Kilomita tatu kwa saa. Huo hauezui hata ungo. Majeruhi wa upepo hupokelewa Januari, na dawa zao zimeagizwa kufika Januari. Lakini Serikali haina roho mbaya. Chagua chanzo kingine: kuna gari, moto, mnyama na mume."

"Ana miaka kumi na mitano, hana mume."

"Basi mnyama?"

Bi Mashavu, ambaye tangu ajue kuandika hakuwahi kuandika uongo, alifumba macho. "Andika mnyama."

"Mnyama gani? Aletwe, apimwe kichaa."

Muuguzi mmoja aliwaonea huruma, akamfunga Siwema kwa kitambaa nyuma ya jengo, huku akitazama huku na huku kama mwizi. Wakarudi nyumbani.

Kesho yake ilifika tume ya uchunguzi. Kwa kuwa upepo haukuwepo, ilikuwa wazi kwamba paa liliibwa, na kwa kuwa mshukiwa mmoja alikutwa na bati mwilini, jina la Siwema liliandikwa la kwanza katika orodha ya wezi.

Bi Mashavu alikwenda Wizarani kwa miguu. Alimkuta Bwana Lugendo katika ofisi mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Mkurugenzi, naomba mistari irudishwe ilivyokuwa. Ile tisini na moja si ya Januari. Nipe vipande, nitaunga mwenyewe. Mkasi huacha ukingo, nitalinganisha kingo."

"Mama Siwema, pole sana. Vipande viko stoo, nani atakunyima?"

Hakumnyima. Bi Mashavu aliketi sakafuni mwa stoo kati ya magunia manne, akachukua kipande cha kasi na kipande cha tarehe, akavisogeza pamoja, akavitenga, akachukua kingine. Lakini alikuwa amekata vizuri mno. Yeye na wenzake walikuwa wamenyoosha mikasi kama walivyofundishwa, na kila ukingo ulifanana na kila ukingo. Kila tarehe ilikubali kila kasi. Bi Chausiku alikuja akaketi naye, safari hii bila mzaha, wakaunga hadi migongo ikauma.

Kisha mlinzi wa stoo akafungua mlango kuwaletea maji. Kilichoingia mlangoni kilipita juu ya magunia, kikazoa Januari na Agosti na Kaskazini na sifuri, vikapanda hadi darini kama kumbikumbi, vikatoka dirishani.

Bwana Lugendo alikuja akatazama sakafu tupu.

"Mmevitupa wenyewe," alisema kwa huzuni. "Mwezi huu hakuna upepo."

*

Jeraha la Siwema liliingia uchafu, likaziba, likafumuka. Mama yake alihesabu miezi kwenye ukuta ule ule: Septemba, Oktoba. Kila jioni Siwema alitaka asomewe kitabu cha shule, na Bi Mashavu alisoma, kidole chini ya mstari. Jioni moja msichana alisema, "Mama, unasoma haraka siku hizi," akalala. Siwema hakuiona Januari. Alifariki mwezi wa Novemba, ambao kasi yake katika Jedwali ni sifuri.

Tarehe mosi Januari iliadhimishwa Siku ya Upepo Mkali. Uwanja ulijaa, na hewa ilisimama kama maji ya mtungini. Bendera zilining'inia, hadi vijana wa Wizara walipoamriwa kuzivuta kwa kamba. "Ndugu wananchi, shikilieni kofia zenu!" alinguruma Waziri, na wananchi wakazishikilia kwa mikono miwili. Mzee mmoja asiye na kofia alikamatwa kwa uzembe.

Ndipo Bi Mashavu alipoitwa mbele. Bwana Lugendo alimpokea kwa mikono yote miwili, akamwonyesha karatasi yenye utepe.

"Mama Siwema, taifa limelifikiria upya jambo lako. Binti yako amesamehewa ule wizi. Tena ameingizwa katika safu ya waliofariki kwa upepo, na kwa itifaki amekaa wa kwanza. Amefariki leo, tarehe mosi Januari."

"Alikufa Novemba, Mkurugenzi. Nilikuwa nimemshika."

"Novemba upepo hauui, mama. Huku ndiko anakostahili. Tunakuomba saini tu."

Bi Mashavu alipewa kalamu. Akaiweka mezani.

"Sitaandika."

Bwana Lugendo hakukasirika. Alikuwa mtu mwenye subira. Vijana wa Wizara wakalishika dole gumba la Bi Mashavu, kwa heshima zote zinazomstahili mama wa marehemu wa kwanza, wakalitia wino, wakalibonyeza. Watu wakapiga makofi kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshika kofia.

Bi Mashavu alirudi nyumbani, akalisugua dole kwa mchanga, wino haukutoka. Aliliteremsha Jedwali ukutani, akaligeuza, na nyuma yake akaandika mstari mmoja, kwa mwandiko ule ule ulionyooka:

*Tarehe kumi na mbili Agosti, alasiri, upepo kutoka kusini, kasi ya kubeba paa, Siwema binti yangu.*

Wewe uliyeusoma, usikae nao. Mpe jirani, naye ampe jirani yake. Asiyejua kusoma asomewe, na anayejua aweke kidole chini ya tarehe, akitembeze hadi kwenye jina, asikinyanyue kabla mstari haujaisha.